Klachi ya Baba Mkwe

Jina lake siliandiki. Mkaza mwana katika nyumba ya Kinyakyusa hatamki jina la baba wa mume wake, na sioni kwa nini kalamu ipewe ruhusa ambayo mdomo haukupewa. Watu wote, kuanzia Bondeni mpaka Njisi, walimwita Mzee Spana. Spana ni chombo cha kufungulia nati, si jina la mtu, kwa hiyo nitalitumia bila dhambi.

Alizaliwa Talatala, mtoto wa wakulima wa mpunga, na angebaki na jembe lake kama Waingereza wasingemchukua wakati wa vita, wakamfundisha kuendesha lori na kumpeleka Bama kupigana na Wajapani. Alirudi na buti, na spana moja kubwa aliyoichomeka kiunoni kama wenzake wanavyochomeka kisu, na tabia ya kupanga vitu kwa mstari. Alipanga kuni. Alipanga mahindi ya mbegu. Kanisani, ibada ikiisha, alibaki nyuma kupanga vitabu vya nyimbo, na mchungaji alimwacha kwa sababu alijua hata akimkataza atarudi baadaye. Aliendesha lori la mfanyabiashara miaka minane, na lori lile lilipouzwa akajipatia gari lake mwenyewe, boksibodi kuukuu, lenye sanduku la mbao mgongoni, lililokuwa limelala nyuma ya shamba la Mzungu huku kuku wakitagia ndani. Lilikuwa la kijani, isipokuwa mlango mmoja wa buluu. Alilipenda gari lile mpaka mama mkwe akasema wamekuwa wake wawili.

Nilipoolewa na Eliud, mwanawe wa kwanza, nilikuta ile heshima ambayo Wanyakyusa wanaiita kutila. Mkaza mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemezani. Akija huku, wewe unakwenda kule. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani, unachuchumaa, unajifunika kichwa mpaka apite. Naye akijua uko karibu anakohoa, upate muda wa kukimbia. Kwetu Ikombe, sisi Wakisi, tunawaheshimu wakwe sana, ila hatukimbii hivyo. Pwani yetu ni nyembamba na milima iko mgongoni. Ukikimbia kidogo tu umeshaingia ziwani.

Ndiyo maana huku watoto wa kiume hujenga mbali na baba zao. Lakini Eliud alikuwa mwalimu huko Rungwe, nyumba yetu haijaezekwa, nami nilikuwa nimejifungua Gideoni. Nikawekwa katika kijumba upande wa pili wa migomba. Ingekuwa rahisi kama si gari. Mvua za mwaka ule wa hamsini na nne zilipoanza, uwanja wote ukawa uji, pakabaki pahali pamoja tu pakavu, kati ya mlango wangu na jiko la mama mkwe. Gari likakaa hapo. Kwa hiyo baba mkwe naye akakaa hapo. Na mimi, kila nikitaka chumvi, nikawa nazunguka shamba zima la migomba.

Kilichotusumbua wanawake ni miguu. Fundi akilala chini ya gari, kinachoonekana ni miguu tu. Je, miguu ni mtu?

"Miguu si mtu, mwanangu," alisema mama mkwe wangu, Tusekile. "Mtu anaanzia magotini. Pita."

Felista, jirani yetu, alikataa kabisa. "Miguu ya mkwe ni mkwe mzima. Hata kidole."

"Wewe Felista, umewahi kusalimiwa na kidole?"

Tulicheka mpaka nikamwamsha mtoto. Ile miguu chini ya gari ikajikunja taratibu, kwa maana ilikuwa inasikia.

Sasa shida yenyewe. Mama yangu mzazi, Bibi Neli, ni mfinyanzi. Kila mwaka msimu ule yeye na wenzake walipakia vyungu kwenye mtumbwi, wakavileta pwani ya Mwaya, wakauza, wakarudi Ikombe siku hiyohiyo kabla upepo wa mchana haujainuka. Gideoni alikuwa na miezi minne na bibi yake hajamwona. Moshi wa kuchomea vyungu ulikuwa umeanza kumla macho. Akatuma neno: "Nileteeni mtoto Mwaya Jumamosi, nimwone wakati bado ninaona. Mkingoja mwakani mtaniletea nimpapase."

Kutoka kwetu hadi Mwaya ni asubuhi nzima kwa miguu, nchi ikiwa kavu. Nchi haikuwa kavu. Maji yalifika magotini, na magoti ya mama mkwe yalikuwa mabovu hata pasipo maji, naye alishasema hakuna mwingine atakayemkabidhi mjukuu wa kwanza kwa bibi mwenzake. Baba mkwe alimjibu mjumbe mbele ya watu, nami nasikia nyuma ya ukuta:

"Mwambie mama yule, mjukuu atakuja kwa motakaa. Saa sita itatukuta tumeshafika."

Alisema hivyo Jumatatu. Jumanne gia ya pili ikang'oka meno.

Sikuiona ikifa, niliisikia. Gari lilikuwa linapanda kutoka barabarani, likatoa mlio kama mtu anayekanyaga rundo la vigae, kisha likasimama likiunguruma bila kwenda. Wakalisukuma mpaka pale pakavu. Jioni ile baba mkwe hakupanga chochote.

Lakini Tukuyu, katika uwanja wa mfanyabiashara mmoja, kulikuwa na gari la aina hiyohiyo lililoungua mbele, nyuma likapona. Jumatano yeye na Yotamu, rafiki yake aliyekuwa naye Bama, wakadandia lori asubuhi. Jioni walirudi na mti wa mwanzi mabegani na giaboksi imening'inia katikati, kama nguruwe anayepelekwa harusini. Yotamu alikuwa mtu wa maneno. Uzito wote ule, na bado alifika anaimba.

Alhamisi wakaanza kubadilisha. Jeki hawakuwa nayo. Walilinyanyua gari kwa mtaimbo na vipande vya magogo, kidogo kidogo, Yotamu akihesabu kwa sauti kama karani. Kila kilichotoka chini baba mkwe alikilaza juu ya majani ya mgomba, kwa mstari, vilevile kilivyokuwa kimekaa ndani. Upande uliotazama injini aliuelekeza kanisani. Upande uliotazama nyuma aliuelekeza chooni. Ndivyo walivyofundishwa jeshini, alimwambia Yotamu, isipokuwa kule hakukuwa na kanisa.

Mimi nilikuwa nanyonyesha, na ukuta wangu ulikuwa na ufa. Yeye akiwa chini ya gari, mimi nilitazama vyuma. Kimoja kilinipendeza: sahani ya klachi. Ni duara, pana kama sinia ndogo, pembeni imevishwa kitu kama ngozi kavu, na katikati ina tundu lenye meno. Upande mmoja ni bapa. Upande wa pili umetoka kitovu, kama cha Gideoni. Mtoto wa mfinyanzi hawezi kuona kitu cha duara akakipita. Nilikitazama sana. Kitovu kilielekea chooni.

Baadaye nikaenda kuchota maji. Nilikuwa narudi, chungu kichwani, nakunja kona ya jiko bila wasiwasi kwa sababu sikusikia kikohozi. Hakukohoa kwa sababu alikuwa ameuma nati nne mdomoni. Alikuwa ametoka chini ya gari ili aichukue ile sahani, nami nikatokea hatua tatu mbele yake.

Nilichokiona ni ndevu na nati. Nikageuka, chungu kikaanguka pwaa, nikaingia migombani kama swala. Yeye akaruka nyuma ya gari, buti likakokota jani la mgomba, na mstari wote wa vyuma ukalia kengele. Yotamu alicheka mpaka akakaa chini matopeni.

"Jamani! Bama risasi hazikumkimbiza huyu, leo amekimbizwa na chungu!"

Baba mkwe alitema nati, akakohoa mara tatu ingawa sasa haikuwa na faida, akarudi kupanga vitu vyake upya. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, kanga kichwani, jicho moja nje. Niliona anaokota ile sahani. Niliona anailaza. Kitovu kilielekea kanisani. Sikufikiri neno, nilikuwa nakililia chungu changu, kilitoka kwetu.

Ijumaa asubuhi kila kitu kilikuwa kimefungwa. Majirani wakaja. Yotamu akazungusha hendeli mbele ya gari, injini ikakohoa, ikaitika, watoto wakapiga makofi. Baba mkwe akakanyaga pedali ya klachi, akasukuma mkono wa gia.

Krrrrrr!

Kama mbwa anayetafuna bati. Akajaribu tena. Krrrrr! Akazima injini, akasukuma gia: ikaingia laini kama kisu kwenye ndizi mbivu. Akawasha: krrrrr!

"Zungusha ikiwa ndani ya gia," alimwambia Yotamu. "Mimi nitakanyaga pedali mpaka chini. Kama klachi inaachia, gari halitatikisika."

Yotamu akasimama ubavuni kidogo, akili zake zilikuwepo. Akazungusha. Gari likaruka kama chura, likampita, likaingia bandani mwa kuku, likazima humo. Kuku walitoka kwa madirisha ambayo hatukujua kama banda linayo.

"Ndugu yangu," Yotamu alisema akijifuta, "umefunga giaboksi au umefunga punda?"

"Klachi haiachii," baba mkwe alisema. Aliwaeleza watu, na ndipo nami nikaelewa. Nikikanyaga pedali, alisema, injini inatakiwa kuachana na magurudumu, kama mke aliyeondoka kurudi kwao. Hapo ndipo gia huingia. Huyu mke haondoki. Amesema ameondoka, lakini yuko nyuma ya mlango.

Wakalivuta kutoka bandani, akaanza kutafuta. Kwanza fimbo ya pedali: akairefusha, krrrr, akaifupisha, krrrr. Akasema labda mafuta ya ndani ni mazito, akayamwaga, akayapasha moto kwenye sufuria ya mama mkwe, ambayo mpaka leo haijasamehewa, akayarudisha. Krrrr, ila sasa ilinuka. Akasema labda shafti ya giaboksi ya Tukuyu ni ndefu kuliko ya zamani. Wakaishusha giaboksi tena, jasho linawatoka kama mvua, akapima shafti zote mbili kwa tete moja. Zilikuwa sawa kama mapacha. Wakairudisha. Sahani hakuigusa, ilikuwa chini ya kifuniko chenye bolti sita alizozikaza mwenyewe, na kwake kitu alichokipanga kwa mstari kilikuwa kimekwisha.

Krrrrr.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka msibani. Baba mkwe akakaa juu ya gogo.

"Baiskeli yangu ipo," alisema Yotamu. "Mtoto mbele, bibi nyuma, wewe unasukuma mpaka Mwaya."

"Nyamaza."

"Au tumwandikie yule mama aongeze macho kidogo."

Tambara lenye grisi lilimpiga Yotamu shavuni. Halafu baba mkwe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilimwambia kwa mdomo wangu, Yotamu. Yule mama hajawahi kuniomba kitu kingine."

Nilikuwa nyuma ya ufa na mtoto mkononi. Nikamtazama Gideoni, tumbo wazi, kitovu juu. Na hapo nikaona. Niliona yote: jani la mgomba, buti, vyuma vinalia. Choo. Kanisa.

Nilizunguka shamba la migomba mbio kuliko siku zote. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, kile kisahani kimegeuka!"

"Kisahani gani tena?"

"Cha klachi. Kitovu kilikuwa kinatazama choo, sasa kinatazama kanisa. Nilikiona, mama. Jana, aliponikimbia."

Aliweka ungo chini. "Rut, mwanangu, ulilala jana?"

"Mama, nenda ukamwambie. Mimi siwezi."

Alikwenda, kwa sababu ananipenda. Akasimama mbele ya ile miguu, mikono kiunoni. Mimi nikarudi kwenye ufa wangu.

"Baba Eliud, nina neno. Ndani ya gari lako kuna kitovu kinatazama kanisa."

Miguu ikatulia.

"Tusekile, nenda ukapike."

"Nimeshapika."

"Basi pika tena. Sahani nimeifunga mimi. Nimefunga klachi gizani, mvua ya Bama inanyesha mgongoni. Leo nifundishwe na nani? Na kuku?"

Mama alirudi kwangu anatikisa kichwa, lakini machoni anacheka. "Maneno hayaingii huko chini," alisema. "Kuna mafuta mengi."

Basi kama maneno hayaingii, mimi nina mikono. Nilimkabidhi Gideoni kwa bibi yake, nikashuka kwenye mfereji wa mpunga, nikachimba udongo. Udongo wa Kyela si wa kufinyangia, hauna mgongo, unalala kama mtu mvivu. Lakini sikuwa nafinyanga chungu cha kuuza. Nilitengeneza gurudumu zito la injini, lile ambalo sahani huegemea, kubwa kama kiganja, na pale ambapo Alhamisi, gari likiwa juu ya magogo, nilikuwa nimeona vichwa vya bolti vimezunguka katikati nikachomeka punje za mahindi. Nikatengeneza sahani, bapa upande mmoja, kitovu upande wa pili, tundu katikati. Nikachonga kijiti cha mwanzi kiwe shafti. Kitovu kikitazama nje, sahani inakaa vizuri juu ya gurudumu, na ukiigusa kwa kidole inaachia. Kitovu kikitazama ndani kinakwama kwenye punje za mahindi, na hata uvute vipi kijiti, sahani inang'ang'ania.

Nikaviweka juu ya jani la mgomba, kwa mstari. Sahani nikaiweka vibaya, kama ilivyokuwa ndani ya gari. Mama akalibeba jani, akaliweka kando ya buti, akakohoa sawasawa na anavyokohoa mumewe, akaondoka.

Mkono ukatoka chini ya gari, unatafuta spana. Ukapapasa. Ukashika udongo mbichi. Ukasimama.

Kisha ukaburuta jani lote kuliingiza chini.

Sisi wawili tulikuwa kwenye ufa, mama juu, mimi chini, Gideoni katikati anamnyonya bibi yake kidole. Muda ukapita wa kupika uji. Halafu mkono ukatoka tena, ukiwa na kile kisahani cha udongo, ukakiweka nje juu ya jani taratibu sana, kitovu kikiwa juu. Kisha ukakigeuza. Kisha ukakigeuza tena.

"Yotamu."

"Naam."

"Tushushe giaboksi."

"Mara ya tatu?"

"Mara ya tatu."

"Mungu wangu! Hii giaboksi nimeioa?"

Ilishuka. Zile bolti sita zikafunguliwa, kifuniko kikatoka, sahani ikatolewa nje kwenye mwanga. Hata kutoka kwenye ufa niliona: kitovu kilikuwa kimekwaruzwa na vichwa vya bolti mpaka kinang'aa kama senti mpya. Yotamu alikishika, akatazama kile cha udongo, akatazama hiki, akavilaza juu ya jani, kimoja kando ya kingine.

Baba mkwe akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Mwanaume mwenye kifua kama mlango, na kicheko chake kilikuwa chembamba cha kisichana, kinapanda kinashuka, mpaka mama naye akaanza, mpaka Felista akaja kuuliza nani ameolewa. Alipopata pumzi alisimama, akakigeuzia mgongo kijumba changu kwa adabu, akawaambia kuku kwa sauti kubwa:

"Ninyi kuku! Kuna mmoja kati yenu ana macho. Mwambieni, ndaga fijo!"

Ni asante sana, kwa Kinyakyusa. Nami nikamwinua Gideoni, nikamwambia yeye, kwa sauti ya kufika nje: "Gideoni, mwambie babu, kuku wamesikia."

Jua halijazama, injini iliwashwa. Pedali chini. Mkono wa gia ukasukumwa, na badala ya mbwa na bati tukasikia *tk*, kama mtu anayefunga sanduku. Ya kwanza. *Tk*, ya pili. Gari likazunguka uwanja wa matope mara mbili, mbele na kinyumenyume, Yotamu anacheza mbele yake na mtaimbo begani, na kuku, ambao kwa siku moja walikuwa wamevunjiwa nyumba na kupewa shukrani, hawakujua wakimbilie wapi.

Jumamosi tulipakia. Utauliza mkaza mwana na baba mkwe wanapandaje gari moja. Kwa mkeka. Mama mkwe aliufunga nyuma ya kiti cha mbele, ukutani mpaka ukutani. Mbele walikaa baba mkwe, mama mkwe, na Gideoni amevikwa kofia. Nyuma nilikaa mimi juu ya gunia la mchele wa zawadi, uso nimeuelekeza tulikotoka, na Yotamu kando yangu na mwanzi wake. Safari yote nimeiona kinyume: kila mtu aliyetupungia mkono nilimwona tukiwa tumeshampita. Kila gia iliyoingia niliihesabu kimoyomoyo, na nadhani yeye mbele ya mkeka alikuwa anahesabu pia, kwa sababu kila *tk* ilifuatwa na kikohozi kidogo cha furaha.

Lakini maji yalitushika. Mara tano Yotamu alishuka kutangulia na mwanzi, akipima kina, akipiga kelele, "Njoo! Njoo! Usije!" Kwenye daraja la magogo tulikwenda polepole hata vipepeo wakatupita. Jua likapanda. Nikasikia mama anasema, "Baba Eliud, saa ngapi?" na yeye akajibu, "Saa ya kukanyaga mafuta."

Tulipofika Mwaya pwani ilikuwa tupu. Vigae viwili vitatu na majani ya kufungia vyungu. Mtumbwi ulikuwa umeshaingia majini, makasia matatu yanachota, umbali wa hatua kama thelathini. Baba mkwe akapiga honi. Honi haikulia, ilikuwa haijalia tangu enzi za yule Mzungu. Mama mkwe akapiga kelele, Yotamu akapiga kelele, mimi nikasahau kila kitu nikapiga kelele kwa Kikisi kutoka nyuma ya mkeka.

Baba mkwe hakupiga kelele. Alimchukua Gideoni mikononi mwa mkewe, akafungua mlango wa buluu, akaingia ziwani na buti zake za Bama. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Alimwinua mtoto juu ya kichwa kwa mikono miwili, akawa anatembea tu, mzee mwenye mtoto juu, kama anapeleka barua.

Makasia yakasimama. Nilimwona mama yangu anainuka katikati ya mtumbwi, mkono juu ya macho.

"Nani huyo anabeba mtoto kama mtungi?"

"Ni mimi, mkwe! Saa sita bado!"

Alimpokea. Hakumtazama kwa mbali kama watu wanavyotazama watoto. Alimleta karibu mpaka pua zikagusana, akamzungusha taratibu kwenye mwanga, sikio la kushoto, sikio la kulia. "Ninamwona," alisema. "Jamani, ninamwona wote. Pua ni yenu. Masikio ni yetu. Tumegawana vizuri." Gideoni akamkojolea. Mama yangu akasema hiyo nayo ni ya upande wa baba mkwe.

Na mimi? Niliruka chini kutoka nyuma ya gari, lakini mbele yangu majini alikuwepo baba mkwe. Nikakimbia pwani kwa mzunguko mkubwa, kanga kichwani, nikaingia ziwani upande wa pili, nikaibukia ubavuni mwa mtumbwi. Hivyo tukawa: yeye majini upande huu anatazama milima, mimi majini upande ule natazama samaki, na mtumbwi katikati yetu kama ukuta wa heshima, mama yangu amesimama juu yake na mtoto, ananibusu kichwani na kumshukuru yeye, ananigeukia, anamgeukia, mpaka mtumbwi ukaanza kuyumba.

"Bibi Neli, upepo!" alisema mpiga kasia.

"Usubiri."

"Bibi, upepo hausubiri!"

"Basi nendeni nao. Mwambieni mzee wangu nimechukuliwa na motakaa. Nitarudi na mtumbwi wa Jumatano."

Akakunja kanga, akampa mpiga kasia Gideoni, akajirusha majini na umri wake wote, akampokea mtoto, akaelekea pwani akicheka. Yotamu akamkimbilia kumpa mkono. Baba mkwe alisubiri mpaka sisi wanawake tumepita, bado anatazama milima, maji yanamfika kifuani.

Tukarudi garini. Mbele wakabanana watatu na mtoto, nyuma mimi na Yotamu na mchele ambao sasa haukuwa na wa kupelekewa. Mama yangu hakuwahi kupanda gari maishani mwake. Alishika dirisha kwa mikono miwili, akafumba macho akingoja ule mlio wa kutisha aliosimuliwa na Yotamu pale pwani. Baba mkwe akakanyaga klachi, buti linachuruzika maji, akaingiza gia. Ya kwanza. Ya pili.

"Mnangoja nini?" mama yangu aliuliza, macho bado ameyafumba. "Mbona hatuendi?"

Tulikuwa tumeshaipita migomba ya kwanza ya Mwaya.